Barua ya Athumani

Jumatatu, 3 Julai 1972
Nimeficha barua. Miaka kumi na moja imelala sandukuni chini ya kitanda changu, na daktari amesema kifua hiki hakitaona mvua za vuli. Basi niseme.

Chuo kikuu cha binafsi cha ng'ambo kilimwandikia Athumani Shebughe, mwanafunzi wangu wa zamani: nafasi ya kusomea kilimo, nauli ya meli, chakula na malazi, yote bure. Barua ilikuja kwenye sanduku la posta la shule, ambalo ndilo sanduku la kijiji kizima. Ufunguo nilikuwa nao mimi, mwalimu mkuu. (Ninao hadi leo. Hakuna aliyethubutu kuniomba.) Nilimwambia kijana amekosa. Kisha nikakijibu chuo kwa jina lake: siwezi kusafiri, naomba masomo kwa njia ya posta.

Tangu hapo nasoma. Athumani analima kabichi.

Leo barua nyingine! Mkuu wa masomo ya posta yuko Tanga, atapanda huku Lushoto Jumamosi kumwona Athumani. Karatasi ya masomo niliyotuma kwa jina lake, juu ya matuta ya milimani, imewafurahisha sana. Wanampa nafasi tena, kila kitu bure. Mwisho wa kujibu ni mwezi huu.

Kesho naungama.

Jumanne, 4 Julai
Sikuungama. Athumani alileta uji asubuhi, kama kila siku tangu nianze kukohoa. Akabisha, akaniamkia shikamoo, akanifunga blanketi miguuni. Nikaanza: Athumani, mwaka sitini na moja... Akanikatiza kwa furaha. Mwaka ule, akasema, chuo kiliponinyima nafasi, ni wewe Mwalimu uliyenifariji. Uliniambia asiyepata ng'ambo hupata nyumbani. Eti maneno hayo huwaambia watu wa nyumba zake kumi hadi leo, maana ndiye balozi wao.

Uji ulikuwa na maziwa. Nilikunywa wote.

Alhamisi, 6 Julai
Nimepata njia! Nitampa barua ya zamani kama mpya, maana hii ya sasa inataja masomo ya posta. Kazi ni kugeuza 1961 iwe 1972. Wino upo, wembe upo, mkono haupo. Wembe uliteleza. Sita ikawa kitu kama tisa. Kwa mujibu wa barua hii chuo kitamwita Athumani mwaka 1991.

Paskalina, binti wa marehemu kaka yangu, anayenipikia, alinikuta na wembe. Akauliza kama naandika wosia. Akasema, "Baba mdogo, una kipi cha kurithisha? Ule ubao wenye ufa?" Nikamwambia aende jikoni.

Ijumaa, 7 Julai
Sabasaba. Wote wamekwenda mkutanoni mjini. Ukungu tangu alfajiri. Nimelala nikawaza. Athumani akienda ng'ambo, nani ataleta uji? Wazo baya. Nimeliandika ili nilione. Nimeliona. Halijaondoka.

Jioni Athumani alipita kunisimulia hotuba. Nikamwambia kuna mtu kijiji cha Mnazi, kule tambarare, ana mbegu ya vitunguu isiyooza. Naomba uniletee kabla sijafa. Kutoka huku juu hadi Mnazi ni kushuka siku nzima, lori kidogo, miguu sana. Hakuuliza hata jina la mtu huyo. Akasema, "Kesho alfajiri, Mwalimu."

Paskalina akanong'ona kwamba hata mbuzi wa Mnazi hawaijui mbegu hiyo.

Jumamosi, 8 Julai
Aibu. Nilivaa suti ya mwaka 1948, sasa tunaingia wawili. Mgeni wa chuo alifika na karani wake, Benedikto, kijana wa Korogwe mwenye macho makali. Nikajitambulisha: Athumani Shebughe. Benedikto akatazama fomu, akatazama mvi zangu. Akasema fomu inaonyesha miaka thelathini na moja. Nikasema baridi ya huku inazeesha.

Mgeni, muungwana sana, hakucheka. Akafungua faili. Karatasi ishirini na mbili, akasema, umeanguka ishirini na moja. Hatujapata kuona mwanafunzi asiyekata tamaa namna hii. Halafu hii moja, ya ajabu! Akaniomba nimweleze kwa mdomo jinsi tuta linavyoshika maji bila kuuporomosha udongo wa chini. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Kikohozi cha kweli kikanijia kwa hasira.

Paskalina akaingia na chai, na mbele ya wageni akaniita kwa jina langu kwa heshima. "Mwalimu Sefania, sukari kijiko kimoja au viwili?"

Benedikto akaandika kitu. Mgeni akanywa chai yake yote, akaacha fomu ya kukubali nafasi mezani, akasema taratibu kwamba Athumani, popote alipo, aitie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi. Wakaondoka.

Jumapili, 9 Julai
Athumani amerudi magharibi, anachechemea. Amezunguka Mnazi yote, nyumba kwa nyumba. Mbegu hakuna. Amekuja kuniomba radhi! Amesema, "Nisamehe, Mwalimu, nimekuangusha." Akaweka vitunguu kumi vya kawaida juu ya meza, juu ya fomu yake hasa. Nikaivuta fomu polepole, vitunguu vikaviringika, akainama kuviokota huku akicheka na mguu ukimuuma. Nilipopata nafasi nikaitia fomu sandukuni, juu ya barua ya zamani. Ufunguo wake uko shingoni.

Nitamwambia kesho. Au Jumatano, mguu ukipoa.

Kabla hajaondoka nilimuuliza, kwa kupitisha muda tu, viazi vihifadhiwe vipi visichipue. Akakaa. Akaeleza kama saa nzima, giza, majani makavu, hewa, mikono yake ikichora ghala hewani. Alipotoka nilikuwa nimejaza kurasa nne. Karatasi ya ishirini na tatu inatakiwa Agosti.

Daftari, wewe huna mdomo, basi pokea. Hata ile ya matuta niliiandika hivyo hivyo, yeye akisema, mimi nikitia nukta. Niliyofaulu ni moja, na ilikuwa yake.