Kilo Kumi na Nne za Rangi

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa ofisi, likiwa na mihuri mitatu: "Umma wa Musoma unaarifiwa kwamba Kamati ya Uthibitisho wa Rangi ya Maji imejiridhisha, baada ya uchunguzi wa kina, kuwa maji yatokayo kiwanda cha nguo hayana rangi. Mwananchi atakayeona rangi aipuuze."

Sentensi ile ya mwisho aliitunga Ndugu Isidori, katibu wa kamati, na aliipenda kama kitinda mimba wake. Uchunguzi nao ulikuwa wa haki. Kamati ilikwenda mferejini siku ambayo kiwanda kilikuwa kimesimama kwa kukosa vipuri, ikakuta maji hayana rangi, kwa kuwa hata maji yenyewe hayakuwepo. Ikaandika ilichokiona.

Shida ilikuwa wanawake wa ufukweni, watu wasio na utaratibu wa kusoma matangazo. Waliosha dagaa pale mfereji unapoingia ziwani, dagaa wakatoka bluu, na wachuuzi wa Bunda wakawakataa. Mmoja wa wanawake hao, Marcelina, mjane wa kutoka Murangi, alikuwa na watoto wanne wanaokula kwa dagaa hao hao. Alichoma magunzi ya mahindi yakawa mkaa, akautwanga, akauchanganya na udongo wa kichuguu na nyuzi za mkonge, akafinyanga mikate na kuibanika polepole chini ya majivu ya moto. Akaipanga kwenye ndoo iliyotobolewa. Maji yaliingia bluu yakatoka meupe, na dagaa wakarudia rangi yao.

Isidori aliposikia alisikitika kwa dhati. Mtu anasafishaje maji ambayo kamati imekwisha kusema ni safi? Akaenda ufukweni na kalamu mbili.

"Mama, huu mtambo una kibali chake?"

"Ni ndoo, ndugu."

"Ndoo yenye kazi maalumu ni mtambo. Humo ndani mna nini?"

"Mkaa na udongo. Vinanyonyaga hiyo rangi yenu."

Isidori akavunja mkate mmoja. Ulikuwa bluu hadi kwenye kiini, na moyo ukamruka kwa furaha. Ulikuwa mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi. Wenzake wote walikwisha kumkamata mtu mwenye sabuni chini ya kitanda au sukari kwenye pipa la pumba, yeye hajapata hata mlanguzi wa viberiti. Na hii hapa rangi iliyoagizwa kwa fedha za kigeni, imefichwa ndani ya mikate.

Aliipima mikate yote pamoja na mkaa wake, udongo wake na unyevu wake, akaandika: "Rangi, mali ya umma, kilo kumi na nne." Ndoo ikachukuliwa, Marcelina akachukuliwa, dagaa wakaachiwa kunguru. Mama wa watu alilia njia nzima, maana shtaka lile lilikuwa la miaka mingi na watoto wake walikuwa bado wadogo.

Baraza lililosikiliza shauri lake liliongozwa na Mzee Machage, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mpole asiyesahau tarakimu.

"Ndugu Katibu, una hakika rangi hii ni ya kiwanda?"

"Mia kwa mia, Ndugu Mwenyekiti. Meneja mwenyewe ameitambua."

Meneja wa kiwanda, aliyekaa kiti cha mbele, akaafiki kwa kichwa.

"Mama, uliitoa wapi?"

"Ziwani, mzee. Mimi nilikuwaga naosha dagaa tu. Rangi inakujaga yenyewe, inapita mferejini mchana kweupe. Kama ni mali ya umma, mimi nimeiokota. Aliyeitupa simjui."

"Ulichuja ndoo ngapi kwa siku?"

"Kumi. Kwa wiki tatu."

Machage akavua miwani. "Ndugu Katibu, na mfereji wenyewe unapitisha ndoo ngapi kwa siku?"

Isidori, ambaye hakupenda swali limpite, akajibu haraka: "Si chini ya elfu tano, mzee."

"Elfu tano ni kumi mara mia tano. Kumi na nne mara mia tano ni kilo elfu saba. Kwa hiyo kila wiki tatu tani saba za mali ya umma zinatupwa ziwani, na huyu mama ndiye peke yake aliyeokoa chochote."

Meneja akaanza kuchunguza dari. Isidori akakumbuka mkaa, akakumbuka udongo.

"Ndugu Mwenyekiti, labda mizani..."

"Mizani ni ya serikali. Sahihi ni yako."

"Basi huenda rangi si ya kiwanda. Kamati ilithibitisha kwamba..."

"Tumelileta tangazo," alisema Machage, akalisoma lote kwa sauti, taratibu, hadi neno la mwisho. Marcelina alilisikia kwa mara ya kwanza.

Aliachiwa huru siku ile ile, na ndoo yake mkononi. Meneja alibaki mahabusu. Katibu aliamriwa, wakati shauri lake likisubiri, airudishe mali ya umma kutoka ziwani, kilo zote elfu saba.

Jumatatu iliyofuata Isidori alikuwa mferejini, suruali imekunjwa, ameinamia ndoo iliyotobolewa. Marcelina akapita na beseni la dagaa kichwani.

"Mama," Isidori alimwita kwa unyenyekevu, akimwonyesha miguu yake iliyokuwa bluu hadi magotini, "hii rangi inatokaga?"

Marcelina aliitazama kwa makini, kama kamati.

"Ipuuze tu, ndugu," alisema, akaenda zake sokoni.