Daftari Mlangoni mwa Darasa la Saba

Jumatatu, 4 Februari 1980
Shajara yangu, niwie radhi. Sijakuandikia tangu Sabasaba. Hapakuwa na jambo lililostahili wino. Leo lipo. Mwalimu Mkuu, Ndugu Melkiori, ametangaza kwamba walimu tutatembeleana madarasani, tujifunze kwa wenzetu. Kila mlango umetundikwa daftari. Mgeni aandike alichojifunza. Ijumaa maandishi yatahesabiwa. Darasa la Saba tuko wawili: mimi, miaka ishirini na miwili ya chaki, na Evarista, miaka mitatu. Mwenye maandishi mengi atakuwa mshauri wa walimu na atabaki la Saba. Mwingine atapelekwa la Kwanza. Watoto mia na kumi na wawili, chumba kimoja. Siendi.

Jumanne, 5 Februari
Hakuja mtu. Kila mwalimu amekaa darasani kwake akingoja kutembelewa. Evarista peke yake anazunguka. Amekwisha kuingia madarasa matano na kuwaandikia wenzake. Binti hajui hesabu. Kwangu alikaa kipindi kizima, akaandika kwamba amejifunza kuuliza swali kisha kunyamaza, watoto wapate kufikiri. Sikunyamaza kwa makusudi. Nilikuwa nimesahau kinachofuata. Ni dhahiri ananidhihaki.

Jumatano, 6 Februari
Mpango umepatikana. Sukari haijaonekana katika duka la ushirika tangu Krismasi, na walimu wananuna kuanzia asubuhi. Nimekwenda kwa shemeji Wilbert, mwenye duka Msimbazi. Aliuliza kama ni harusi au msiba. Nikamjibu ni elimu. Akasema basi elimu ya siku hizi ni tamu, akanifungia kilo mbili katika gazeti, akanisihi nisimtaje.

Alhamisi, 7 Februari
Birika la chai nyuma ya darasa kuanzia saa mbili. Maandishi kumi na moja kabla ya mapumziko. Devendra, mwalimu wa hesabu, alikuja mara tatu, mara ya tatu na kikombe cha nyumbani kwake. Aliuliza ngeli zimebaki ngapi. Nikasema nne. Akasema, "Mzee Onesphory, hata zikiwa mia, mimi nipo." Kila aliyekunywa nilimpa kalamu kabla hajameza. Nimeshinda.

Ijumaa, 8 Februari
Nilipaswa kuyasoma maandishi mapema. Devendra: amejifunza kwamba sukari bado ipo nchini. Kijakazi, mwalimu wa jiografia: amejifunza kwamba ni vizuri kuwa na shemeji. Mwingine: somo zuri, ila maandazi hayakuwepo. Hata hivyo sharti halikutaja mtu ajifunze nini. Kwangu maandishi kumi na mawili, kwa Evarista mawili. Nikasimama kushukuru.
Mwalimu Mkuu akaniomba nikae. Akawauliza wageni wangu nilifundisha nini kuhusu ngeli. Wakatazamana. Akakiri kwamba yeye mwenyewe alikunywa vikombe viwili na hakumbuki. Kisha akamwuliza Evarista alichojifunza wiki hii. Akataja jambo moja kutoka kwa kila aliyemtembelea, nami nikiwemo, na jinsi alivyolijaribu darasani kwake. Mwalimu Mkuu akasema mshauri amepatikana. Devendra akapiga makofi. Devendra, wa vikombe vitatu.
Jumatatu ninakwenda la Kwanza.

Jumatatu, 11 Februari
Mia na kumi na wawili. Arobaini wamekaa sakafuni. Evarista alikuja na mfuko wa vizibo vya soda, akanisalimu shikamoo, akasema, "Mzee, tukianza na hivi watatulia." Nikamwambia kwamba nilikuwa nafundisha yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Akaketi nyuma. Saa tatu mtoto mmoja alilia. Saa tatu na robo walilia wote. Evarista akapiga makofi kwa mdundo, wakamfuata, wakanyamaza, wakahesabu vizibo hadi kengele. Akaniuliza kwa adabu nimeonaje. Nikamwambia ana mikono yenye kelele.
Jioni nimemwandikia Afisa Elimu wa Wilaya. Nimeomba nirudishwe la Saba, kwa kuwa hesabu halali ilinipa ushindi. Ili aone moyo wangu, nimejitolea kuendesha semina kuhusu walimu kujifunza kwa wenzao. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Msemaji ni mimi. Maswali hayatapokelewa. Barua nimeipeleka mwenyewe, karani ameipiga muhuri. Afisa akishaamua, nitaandika.