Baiskeli ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 2 Juni 2025

Tangazo limebandikwa getini kazini, kwenye mgodi wa dhahabu. Anatafutwa kiongozi wa zamu wa walinzi. Mtihani ni wiki ijayo, siku kama ya leo: kukimbia kilomita tatu. Tumejiandikisha wawili tu, mimi na Bujiku, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Kakola. Cheo hiki nimekisubiri miaka sita! Bujiku ni mwembamba, sawa, lakini hana akili ya mipango. Mimi ninayo, pamoja na kitambi.

Jioni nimemwendea Fredy, dalali wa vitu vya mtumba. Nimempa redio yangu kubwa, naye kanipa baiskeli ya mazoezi. Haina magurudumu. Anasema mmiliki wa kwanza alikuwa injinia mgeni, na alirudi kwao amekonda vizuri kabisa. Bujiku asijue! Tumeifunga turubai, tukaipakia kwenye bodaboda, tukaiingiza chumba cha nyuma. Dirisha nimeliziba kwa blanketi. Mke wangu, Ghati, kauliza inakwenda wapi. Nimemwambia haiendi popote. Kauliza na redio je, imekwenda wapi.

Jumanne, 3 Juni

Nimeendesha dakika kumi na mbili. Chuma kinalia krr-kwa, krr-kwa, mtaa mzima unasikia. Kiti kinafinya mahali pasipoandikika. Lakini kuna kioo kidogo kinachohesabu kilomita! Nimefanya nne. Nimejipongeza kwa bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, kisha nikajipongeza tena.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi Bujiku kanisimamisha. "Mwangaluka, Baba Salome," kanisalimia kwa Kisukuma, kwa adabu zote, halafu kauliza ni mashine gani ile inayolia ndani. Nikamwambia hakuna kitu. Kosa! Kakola hii, mtu akisema hakuna kitu, maana yake kipo, na kimeshapimwa. Kabla ya saa sita habari imeenea: Baba Salome kaingiza karasha ndani, anasaga mawe, dirisha kaziba, anatoka kalowa jasho. Kapata dhahabu chini ya kitanda!

Ghati karudi kutoka bombani kanuna. Wanawake wamempisha mbele ya foleni wakimwita Mama Dhahabu. Nikataka kujua kama alikataa kupishwa. Hakukataa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata wazo, na nalipenda mno. Nimemfuata Bujiku, nikamnong'oneza kwamba mkanda wa dhahabu ulio ardhini ukitoka kwangu unaelekea nyuma ya jiko lake. Asimwambie mtu. Alasiri kashika sururu! Mtu anayechimba hana muda wa kufanya mazoezi. Nimekaa chumbani namsikiliza anavyohema, roho imesuuzika.

Ijumaa, 6 Juni

Bujiku yuko shimoni hadi mabegani. Anachimba, anapandisha ndoo, anamwaga, anarudi. Maskini wa Mungu. Mimi nimegundua jambo ambalo yule injinia hakuligundua: ukikaa kitandani ukazungusha pedali kwa mkono, kioo kinahesabu vilevile! Mkono mmoja pedali, mwingine soda. Kilomita thelathini na moja, na sijatoka jasho hata tone. Afya imeanza kuja.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu! Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ignas, kaja na watu kama ishirini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa dirishani. Akasema kuchimba dhahabu kwenye makazi hakuruhusiwi, fungua chumba. Nikafungua. Akaizunguka baiskeli mara mbili, akainama kutafuta magurudumu.

"Baba Salome, hii unaiendesha?"

Nikasema ndiyo.

"Ukiwa humu humu?"

Ndiyo. Watu wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa. Bujiku akaja kutoka shimoni, vumbi mpaka kwenye kope. Nikajiandaa kupigwa. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akasema basi lile shimo litakuwa choo, mkewe amekidai tangu mwaka juzi na yeye hakuwa na moyo wa kuanza. Akanishukuru! Nilijisikia vibaya kweli, karibu nusu saa nzima.

Jumatatu, 9 Juni

Mtihani. Bujiku kaondoka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mabega, pumzi, kila kitu! Siku zote zile za sururu na ndoo. Miguu yangu ilikwenda vizuri mita mia tatu, kisha ikaanza kutafuta kiti. Mwanaima muuza maandazi, aliyekuwa anapita zake tu na ndoo kichwani, kanipita akienda, tukapishana akirudi. Kanipa pole mara zote mbili. Nimefika wakati wameshakunja kamba ya kumalizia mbio.

Bujiku ndiye kiongozi wa zamu. Ni bosi wangu sasa. Imeniuma, nasema kweli. Miaka sita! Kanipangia kuuzunguka uzio kwa miguu kila zamu, anasema ni kwa ajili ya afya yangu. Hana hata kinyongo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumanne, 10 Juni

Nimekaa nikachunguza kosa liko wapi. Si langu. Ile mashine ni ya kuendesha, na mtihani ulikuwa wa kukimbia! Ningefauluje? Fredy anasema iko moja Isaka, ya kukimbilia hasa, unakanyaga tu na chini yako kunajiendea kwenyewe. Yuko tayari kupokea friji. Ghati sijamwambia, atafurahi ikishafika. Kuhusu ule uzio wa Bujiku, nimepatana na Eliya, dereva wa bodaboda, awe ananizungusha yeye. Siwezi kuimaliza miguu kwa kutembea wakati nataka kuanza mazoezi.