Ndege wa Paa la Ghala la Barafu Afutwe Kitabuni

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Watazama Ndege wa Ufukweni.

Mwalimu, shikamoo.

Ni mimi fundi cherehani wa jirani na ghala la barafu, yule uliyemfundisha darasa la sita ukamwambia mwandiko wake unafanana na nyayo za kuku. Leo nimeandika polepole ili usinikate maksi. Nakuandikia kwa heshima zote, na hasira kidogo, kuomba mambo mawili: mke wangu aondolewe kwenye orodha ya wanachama wako, na yule ndege mpya afutwe kitabuni kabla ya Jumamosi. Sababu zangu ni hizi.

1. Kiti. Kwa miaka ishirini na miwili mke wangu amekaa kwenye kiti cha kushoto pale dukani, akitia vifungo na kupiga pindo, mimi nikiwa kwenye cherehani. Tangu ulipompa darubini ya chama, mwezi wa tatu, maji yakipwa tu kiti kinabaki kitupu. Siku hizi naweka mkasi juu yake, nao si mzungumzaji. Karani wa benki amepokea suruali yenye mguu mmoja mfupi, kwa sababu mtu wa kukagua kazi yangu alikuwa kwenye tope anahesabu ndege, vitwitwi. Karani alikuja juu. Nilimshauri asimame kwenye mteremko.

2. Mazungumzo. Zamani tulisema watu, kama majirani wote wastaarabu, na habari za mtaa mzima zilikwisha kabla chai haijapoa. Sasa nikimwambia muuza mkaa amegombana na shemeji yake, ananiuliza kama nimemwona mdiria. Juzi nilikohoa mezani akaninyamazisha kwa kidole, maana kuna kitu kilikuwa kinalia nje. Nilikaa na kikohozi changu kooni mpaka machozi yakanitoka. Kumbe ilikuwa bawaba ya mlango wa jirani.

3. Kulinganishwa. Naambiwa ndege sululu anavuka bahari nzima bila kuuliza chakula kiko wapi. Najua anayesemwa ni nani. Naambiwa pia kuna dume, jina limenitoka, anayelalia mayai kwa zamu na mkewe. Mimi niliwabeba watoto wetu watatu mgongoni walipougua surua, wote kwa wiki moja, na hakuna aliyekuja na daftari.

4. Ndege wenyewe hawana utaratibu. Wanafika kwa wingi Jumamosi, siku ambayo wateja wangu wote wanataka nguo zao. Daktari ana saa za kuonana na wagonjwa, posta ina saa za kufunga. Yangeyange ni nani asiwe na saa zake? Napendekeza chama kiwaandikie wahusika huko wanakotoka, wawe wanakuja Jumanne. Wasiotii wasihesabiwe.

5. Huyo ndege mpya. Hii nilitaka iwe ya kwanza, nikaogopa. Siku kumi na moja zilizopita ulitangaza kwamba juu ya paa la ghala la barafu umeonekana ndege asiyejulikana: kichwa chekundu kinachong'aa, mwili wa kijivu, na mstari mweupe kifuani ulionyooka kama umepigwa rula. Ukamwandika kwa wino mwekundu. Ukamwita mtaalamu wa makumbusho, naye anafika Jumamosi hii.

Mwalimu, kwa unyenyekevu kabisa, ndege huyo hayupo. Hajatikisika siku kumi na moja. Mvua imemnyeshea akavimba upande mmoja. Kunguru amemkalia kichwani, akajinyoosha, akaondoka kwa wakati wake. Wanachama wako wanasema ana subira, na mwenye duka la dawa anaapa kwamba anaatamia. Usiniulize nimejuaje, mimi ni mtu wa nguo. Ninachojua ni kwamba mkija kumtazama mnaelekeza darubini kumi na nne kwenye dirisha la duka langu, lililo nyuma yake, na kumi na tatu kati ya hizo sikuziomba.

Mke wangu peke yake ndiye asiyesema neno juu ya ndege huyo. Anamtazama kwa muda mrefu, anafuta vioo, anamtazama tena. Hilo linaniogopesha. Mtaalamu akicheka, atacheka mbele yake, na yeye amezipenda hizi Jumamosi zenu sana. Nataka arudi, Mwalimu. Nimemkumbuka mke wangu na tunalala nyumba moja. Lakini sitaki arudi na aibu.

6. Mwisho, kama chama kitakataa, basi kitende haki. Mna orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Naomba muongeze mume wa mtazama ndege. Anapatikana jirani na ghala la barafu, hula peke yake, sauti yake haisikilizwi. Anaweza kukaribiwa bila kuogopa.

Nategemea busara yako, ile iliyotuvusha darasa la sita sote isipokuwa wawili. Msalimie mama hapo nyumbani, wasalimie wanachama, msalimie na mwenye duka la dawa, ila mwambie hakuna yai. Hata sululu nisalimieni, maana ugomvi wangu naye si wa binafsi.

Mimi mwanafunzi wako mtiifu,
Fundi Cherehani.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha. Nikataka kuhakikisha nimeandika sawasawa jina la mdiria, nikafungua daftari la mke wangu lililokuwa juu ya friji. Siku ile ile uliyotangaza, ameandika hivi: "Paa la ghala la barafu. Si ndege. Kitambaa cha mguu wa suruali ya karani, bitana nyekundu ya koti, mshono umerudiwa mara mbili mwishoni kama anavyoshona tangu nimjue. Dume, mmoja. Anataka kutazamwa."

Chini yake kuna kila siku mpaka jana, pamoja na saa, na hazungumzii paa, anazungumzia dirisha: ameinama, anakunywa chai, amesinzia, amechungulia nje mara saba. Hakuna ndege kwenye daftari lile aliyeandikiwa mistari mingi hivyo.

Basi namba moja mpaka sita nimezifuta. Mke wangu abaki kwenye orodha, na mimi niletee fomu. Samahani kwa wino wako mwekundu, na kwa kutokukwambia mapema. Nilikuwa naona haya mbele ya mwalimu wangu. Karani nitamshonea suruali nyingine. Ijumaa nitaazima ngazi nikamshushe yule ndege mwenyewe, na mtaalamu akiuliza, mwambie amehama. Hutakuwa umemdanganya. Atakuwa dukani, kwenye kile kiti cha kushoto, anamshikia mke wangu nafasi mpaka maji yajae.