Jinsi Tari wa Kulamawe Alivyoiteka Shahada ya Ugavi

Tegeni masikio, enyi watu wa Isiolo, wenye ngamia na wenye maduka, niwasimulie siku ambayo Tari binti Tadicha, simba jike wa Kulamawe, mfyekaji wa hesabu, aliingia vitani katika duka la kompyuta la Kui akiwa na silaha ya kidole kimoja.

Mtandao wa kuchagua kozi za chuo kikuu ulikuwa ufungwe saa kumi na moja jioni. Mbele yake zilijipanga shahada tatu zenye ghadhabu: Usimamizi wa Operesheni, Ugavi na Usafirishaji, na Uchanganuzi wa Data za Biashara. Tari aliitaka ile ya kati. Lakini babake, Mzee Tadicha, ngome isiyobomoka, aliyesimama kando yake, alimkataza kubonyeza chochote. Kwao hakuna anayehamisha mifugo kabla mpelelezi hajaiona nyasi kwa macho yake, sembuse kumhamisha binti. Basi nduguye Huqa alikuwa ametumwa tangu alfajiri kukagua chuo upande wa Meru.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, simu kutoka kwa mpelelezi ikanguruma mezani.

"Nyasi iko mingi," akatangaza Huqa. "Wanaikata na mashine halafu wanaitupa. Maji iko kwa mfereji. Fisi sijaona."

Mzee akauliza habari za zile shahada. Huqa akaeleza kwamba wanafunzi wa operesheni aliwakuta kwenye foleni ya chakula, wa data wamezikodolea kompyuta macho, na wa ugavi wanafundishwa mzigo upite njia gani. Mzee akaguna kwa dharau kwamba njia hata ngamia anaijua.

Hapo Tari akasimama, na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Aba, wakati wa ukame nyasi ya msaada ililala hapa mjini siku kumi na tisa. Ikifika Kulamawe, wewe ulikuwa umebaki na kamba za mbuzi mkononi. Lori ilikuwa, dereva alikuwa. Mtu wa kupanga ndiye hakuwa. Mimi nataka kuwa huyo mtu."

Zikabaki dakika mbili. Mzee akaisogelea simu.

"Huqa, wewe ungehamia huko?"

"Nimeshakaa chini," akajibu mpelelezi.

"Basi tunahama."

Kidole kikashuka kama radi ya masika, na ombi likapokelewa. Mzee akamtemea binti yake mate ya baraka kichwani, kama mila itakavyo, kisha akaitemea na kompyuta, na Kui akaifuta.

Na ijulikane vizazi hata vizazi kwamba ushindi huo ulipatikana dakika moja kabla ya lango kufungwa. Nanyi malori mnaolala Isiolo na mzigo wa watu mgongoni, laleni mnavyoweza: Tari anakuja, amebakiza miaka minne tu.