Betri ya Bi Shemsa

Jumatatu, 24 Machi

Nadra amenunua pazia jipya la Idi, lile la kukata ukumbi katikati ili wanawake wakae upande wao. Amesema mwaka huu halining'inii kwa msumari na kamba. Anataka fimbo, tena iliyonyooka, kwa sababu dada zake wanakuja Idi mosi. Akashauri tumwite fundi Msabah. Fundi! Mume yupo, kiti cha kupandia kipo, kuna haja gani ya fundi? Nimemwambia nanunua drili yangu mwenyewe, ya betri. Akakitazama kiti, kisha akanitazama mimi. Siupendi mtazamo ule.

Shida ni jirani yetu Masoud. Ana drili, msumeno, taa, na feni ya mama yake, vyote vya kijani, vyote vinakula betri moja. Anachomoa hapa, anachomeka pale. Leo baada ya laasiri ameniambia ninunue ya kijani kama yake, tuwe tunaazimana betri. Barazani! Watu wote wanasikia! Kama vile mimi mkia wake. Nitanunua rangi yoyote, lakini si kijani.

Jumanne, 25 Machi

Darajani, dukani kwa Borafya. Nimenunua nyekundu. Nzuri mno! Borafya amenipa na biti ndefu ya kutobolea mawe, bure, heshima ya mteja. Nimepita nayo barazani, kisha nikarudi nikapita tena. Masoud akauliza betri iko wapi. Nikajibu imo ndani.

Haimo. Nimelitikisa boksi, nimelipindua. Ubavuni limeandikwa kwa herufi za sisimizi kwamba betri na chaja huuzwa peke yake. Nadra ameuliza vipi drili. Nimesema inapumzika.

Jumatano, 26 Machi

Nimepata betri ya manjano kwa bei ya kutupa. Volti sawa kabisa, nimesoma mwenyewe. Haikuingia. Nimeipiga makofi. Nimeipaka mafuta ya nazi. Nimesukuma mpaka nikakaribia kusahau kwamba nimefunga, ninywe maji.

Nikamrudia Borafya kwa ukali. Akanijibu kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma, kwamba kila kampuni ina mdomo wake, na mwenye akili huchagua betri kwanza, ndipo akanunua vyombo vya kuifuata. Mbona hakusema jana? Amesema jana niliuliza rangi tu. Ni kweli. Masikio yaliniwaka kwa haya, na wateja wengine walikuwa wamesimama.

Lakini anacho kidude cheusi cha plastiki. Unaivalisha betri, nayo inaingia kwenye drili nyekundu! Nimekinunua papo hapo. Nyumbani nimegundua kinavaliwa na betri za kijani tu.

Ijumaa, 28 Machi

Sijui niandike vipi.

Masoud anafanya kazi hotelini Kiwengwa, hurudi karibu na futari. Nilingoja aondoke, nikaenda kwa mama yake, Bi Shemsa. Umeme ulikuwa umekatika, joto la kutia wazimu, naye amekaa mbele ya feni ya betri. Nyuma yake, kwenye vidaka vya kizamani vilivyochimbwa ukutani, amepanga vyombo vyake. Bakuli la kaure lilikuwa hapo. Kila Ramadhani bakuli hilo huja kwetu na muhogo wa nazi, Nadra hulirudisha na tambi. Halijapata kurudi tupu.

Nikamwambia Masoud ameniruhusu kuchukua betri. Nimefunga, na nikamdanganya mama mtu mzima! Akaichomoa mwenyewe. "Chukua, baba. Mie nnacho kipepeo changu." Nikiwa mlangoni nikasikia kipepeo chake cha ukili kikimpepea. Nilitaka kurudi. Sikurudi.

Betri ikaingia! Drili ikanguruma! Ukuta wetu na wao ni mmoja, mawe na chokaa, mnene. Nikapanda kitini na biti ndefu. Tundu la kwanza halina kasoro. La pili likaingia laini mno, nikajisifu. Kisha, kacha!

Nikachomoa. Mwanga ukapenya tunduni. Mwanga ukazibwa. Jicho.

"Shikamoo," nikaliambia tundu.

"Marahaba," tundu likajibu.

Sakafu yao iko juu kuliko yetu, kwa hiyo darini kwetu ni usawa wa macho kwao. Na penye kidaka ukuta ni mwembamba. Kila mtu wa mji huu anajua, na mimi nimezaliwa hapa hapa Kiponda. Bakuli limepasuka. Nilikwenda mbio, nikamkuta ameshika vipande kwenye upande wa kanga. Akauliza kama nimeumia. Nikasema sikuumia. "Alhamdulillahi. Bakuli nshalitumia sana mie." Laiti angenitukana.

Jumapili, 30 Machi

Masoud amekuja. Nilijificha chooni, Nadra akanitoa. Ameziba tundu kwa chokaa, amepima, ametundika fimbo kwa drili yake ya kijani, na betri ya feni ameichukua. Imenyooka. Mimi nilishika kiti. Mlangoni ndipo aliposema kwamba siku ile mama yake alifuturu kwa maji na tende tu, kichwa kinamuuma kwa joto, na kwamba betri ningeiomba kwake, angenipa. Nadra alikuwa anasikia. Natamani ardhi ipasuke inimeze, drili na mimi.

Jumatatu, 31 Machi. Idi mosi

Dada zake Nadra wamelisifu pazia. Wakauliza nani ametundika. Nadra akasema jirani.

Bi Shemsa ameleta bokoboko la ngano na nyama. Kwenye kopo la aiskrimu, la kutupa ukishamaliza. Nikaenda kumwomba radhi na kumwomba vipande vya bakuli, akanifungia kwenye gazeti. Nimeapa nitaliunga kwa mikono yangu, na kuanzia leo rangi yangu ni kijani.

Jumatano, 2 Aprili

Kwa Borafya, moyo safi. Anayo bunduki ya gundi, ya betri! Inayeyusha gundi, inaunga kaure. Ilikuwepo ya kijani na ilikuwepo ya buluu. Mkono ulikwenda kwenye kijani, wallahi ulikwenda. Lakini Masoud angesema nini akiiona? Nimechukua buluu. Na safari hii sikuwa mjinga, nimeuliza betri kabla ya kulipa. Betri ya buluu hana. Anacho kidude cha kuivalisha ya kijani. Nimekinunua.

Nimerudi. Umeme umekatika. Ng'ambo ya ukuta nasikia feni ya Bi Shemsa. Nimemuuliza Nadra, kwa upole kabisa, Masoud leo anarudi saa ngapi.