Nani Anakula Sabuni Yangu?

Jumatatu, 3 Machi

Sabuni ya unga imeisha tena. Pakiti moja, mabeseni manne! Miaka yote hii nafulia watu nguo, pakiti moja ni mabeseni matano, na kinabaki kiganja cha kusugulia choo. Pakiti ni ile ile. Picha ni ile ile ya mwanamke anayechekea shuka. Bei ni ile ile. Sasa beseni la tano limekwenda wapi?

Tumo wanne humu ndani. Mume wangu hajui hata sabuni inakaa wapi. Mtoto ana miezi minane. Mimi ni mimi. Anabaki wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa nasi mwaka wa pili sasa. Jumapili watu wa mchumba wake wanakuja kumposa, na blauzi yake nyeupe siku hizi inang'aa mpaka inaumiza macho.

Kikulacho ki nguoni mwako. Simtuhumu. Nasema tu inang'aa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka kabla ya wote, nikaenda kwenye kamba, nikainusa ile blauzi. Inanukia sabuni yangu! (Ilitakiwa inukie nini, hilo nimeliwaza baadaye.) Wifi akatoka na ndoo, akanikuta pua imezama kwapani mwa blauzi. Akauliza kuna nini humo. Nikasema natafuta mende. Akasema nikimpata nimwachie, ni wa kwake.

Anatania! Mwizi mwenye raha ndiye mbaya zaidi.

Nimevumilia mpaka mchana. Nikaenda kwa jirani mshonaji, nikamwambia yeye tu, tena kwa siri. Nikamwapisha. Ameapa kwa cherehani yake.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kliniki. Nikapata akili. Nimenunua pakiti mpya, haijafunguliwa. Niipime leo, kisha niirudishe kupimwa kila wifi akitoka kuoga. Mzani wa dukani siuamini. Wa kliniki haumjui mtu.

Nikaifunga pakiti mgongoni mwa mtoto, juu sweta. Nesi akamtundika kwenye mzani, akafurahi. Akauliza nampa nini mtoto, anene hivi. Nikasema nampa mapenzi. Kisha nikaomba apimwe tena, nikajifanya namtengeneza nepi, nikaichomoa pakiti. Nesi akasoma, akakunja uso. Mtoto amepungua karibu nusu kilo na hajatoka mlangoni! Akamwita mwenzake. Nikageuka kumchukua mtoto, na pakiti ikaniponyoka chini ya shali, pwa! Katikati ya sakafu.

Nesi akaitazama, akanitazama. "Mama, na huyu pacha nimfungulie kadi?"

Benchi zima la akina mama likaangua kicheko. Hata mwanangu akacheka, msaliti.

Ikabidi niseme yote. Nesi akaipima pakiti peke yake. Gramu mia nne! Nikapiga ukelele kwamba ni nusu kilo, kwamba wifi kaniibia hata kabla sijafungua, mkono gani ule! Nesi akaigeuza, akanionyesha kwa ukucha karibu na mshono, maandishi madogo kama mayai ya chawa: gramu 400. Akasema wenye kiwanda wamepunguza tangu mwezi uliopita, wakaacha pakiti na bei vile vile.

Kusoma nasoma, nilifika darasa la nne. Lakini nani husoma mgongo wa sabuni?

Kwa hiyo wifi hajaiba kitu. Nimerudi nikiimba njia nzima. Nilipofika mlangoni kwa jirani mshonaji ndipo wimbo uliponikauka.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Jirani anasema hajamwambia mtu. Ila mteja mmoja tu. Na ni mtu mzima, naye ameapa.

Mteja mwenyewe ni shangazi wa mchumba wa wifi. Ndiye aliyemlea. Nimekosa pa kujificha!

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi ametuma ujumbe. Jumapili hawaji kwanza. Wanatafakari. Nyumba ya watu haiingizi mtu mwenye vidole virefu.

Wifi hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikunja blauzi yake, akaiweka mapajani mwangu, akasema nihesabu na vifungo, huenda kimoja ni changu. Hajala tangu asubuhi. Ana miaka thelathini na moja, na yule mchumba wake, mpaka rangi wa nyumba, anampenda kweli, nimeona kwa macho yangu anavyompigia pasi hata mwavuli. Nimemwomba radhi mara tatu kupitia mlango.

Mume wangu anasema nimefua ukoo wake mzima na kuuanika barabarani. Amelala sebuleni.

Lazima nitengeneze. Nina mpango.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango: uvumi hufukuzwa na uvumi. Nimemwambia jirani mshonaji kwamba mwizi amepatikana. Ni panya. Panya mkubwa, anakula sabuni kama jibini. Safari hii sikumwapisha, nilitaka habari zikimbie.

Zimekimbia.

Kufikia saa nane wateja wangu wawili walikuwa wamekuja kuchukua nguo zao, mbichi, zinachuruzika. Panya anayekula sabuni ataacha suruali? Mmoja aliitikisa kila soksi kabla ya kuitia mfukoni. Na wifi amepata jina jipya mtaani: bibi harusi wa nyumba ya panya.

Sina mpango mwingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa shangazi mwenyewe. Nilichukua pakiti mpya, na ile ya zamani ninayotunzia vifungo vya wateja. Njiani nilipanga uongo wa heshima. Alipofungua mlango uongo wote ukanikimbia, nikalia papo hapo, na vifungo vikamwagika sakafuni kwake. Tukaviokota wote wawili tumepiga magoti, huku namwambia: mwizi ni mimi, nimeiba jina la binti wa watu. Nikamwonyesha kwa ukucha kama nesi. Hii 500. Hii 400. Zilinganishe, mama, ni mapacha!

Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na boksi la majani ya chai. Akaligeuza kutafuta gramu. Akavaa miwani. Akavua miwani, akakaa chini kwenye vifungo vyangu.

Miezi miwili hasemi na mke wa mwanawe, akidhani ndiye anayemaliza majani hayo ya chai. Alishamwambia ana mdomo kama birika.

Kisha akaniambia, mwanangu, Jumapili tunakuja. Lakini kwanza nina mahali pa kwenda kuomba radhi, na nakuomba usimwambie mtu. Nikaapa.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja! Watu tisa, na yule mke wa mwana wa shangazi kaletwa mbele, kashikwa mkono na mama mkwe wake. Nilisimama mbele ya wote nikasema wifi yangu ana mikono safi kuliko maji ninayofulia, na aliyesema vingine nilikuwa mimi, tena mjinga. Yule mpaka rangi alitazama viatu vyake akitabasamu. Posa imepokelewa!

Jikoni wifi amenikumbatia. Akasema amenisamehe, ila nikianza kumhesabia pumzi, nimrudishie na chenji. Nikamwahidi: sitamshuku tena mtu wa nyumba yangu bila kusoma kwanza. Tumelia mpaka wageni wakauliza kama chai imeungua.

Jumatano, 12 Machi

Dawa ya meno imeisha. Wiki mbili na siku moja! Zamani ilikuwa wiki tatu.

Nimetimiza ahadi. Sikukurupuka. Nimeitoa ile tyubu ya zamani iliyoangukia nyuma ya pipa, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikasoma mgongo wa hii na mgongo wa ile, herufi kwa herufi. Gramu ni zile zile! Kiwanda hakina kosa hata kidogo.

Kwa hiyo mwizi yumo humu ndani.

Wifi simgusi, nimeapa. Mtoto hana meno. Anabaki baba yake. Na sasa ninapofikiria, amekuwa akitabasamu sana tangu Jumapili.

Safari hii sijamwambia jirani mshonaji hata neno. Nimejifunza. Nimemwambia shangazi peke yake, maana yeye sasa ni ndugu.